Wino Mwekundu wa Laini ya Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimesaini. Basi. Sasa ni yangu.

Chumba kimoja juu ya duka la vioo. Ngazi ishirini na mbili, ya tisa imemeguka ukingo. Dirisha moja halifunguki, la pili halifungiki. Meza ndefu, viti vitatu, swichibodi yenye taa thelathini na moja, kabati la kadi, na birika ambalo Bi Sauti ameniambia halimo kwenye mauzo. Birika! Mtu anauza kazi yake ya miaka kumi na tisa, roho inamuuma birika.

Yeye ndiye aliyeniuzia. Bi Sauti ndilo jina analoitwa na kila mtu mpaka mwenye duka la vioo. Koo limemwisha, daktari kamwambia apunguze maneno ama yatakwisha yenyewe. Atakaa na mimi mwezi mzima anifundishe. Anifundishe nini? Kusema haloo? Mimi nimekalia swichibodi ya kiwanda miaka ishirini na miwili, mpaka walipoleta mashine ya bonyeza moja, bonyeza mbili, wakanipa cheti na ua la plastiki.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu ana shughuli zake na hana wa kumpokelea simu. Simu yake inaelekezwa hapa, tunaipokea kana kwamba tumekaa mezani kwake. Daktari wa meno, wakili, mpima ardhi, mchonga majeneza. Anayepiga hajui. Jioni mwenyewe anapiga, tunamsomea ujumbe wake.

Baba watoto kasema nimechukua kiinua mgongo changu nikanunua simu za watu. Nikamwambia afadhali simu za watu kuliko redio yake inayokoroma. Kaenda kuiwasha. Vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Nilijua tu. Ananifundisha kukaa!

"Kaa wima, mama, sauti inatoka tumboni." Ananiita mama wakati kanizidi miaka si chini ya sita. Nikakaa hivyo hivyo nilivyokaa.

Mpokeaji wa pili yupo, alikuja pamoja na viti. Wanamwita Kimya. Akivaa hedfoni anaongea vizuri, mpaka unatamani akupigie wewe. Akivua, hasemi neno. Nimemsalimia mara mbili, kanitikisia kichwa mara moja.

Halafu kadi. Kila mteja ana kadi yake, imeandikwa namba na kazi yake, basi. Taa ikiwaka unachomoa kadi, unasoma, ndipo unapokea. Wino mweusi ni maneno ya kusema. Wino wa bluu ni watu wa kupitishwa haraka. Wino mwekundu ni watu wa kuzuiwa. Wakili siku zote yuko mahakamani, hata akiwa amelala na viatu. Daktari wa meno ana mgonjwa kitini. "Kadi ndiyo bosi," anasema Bi Sauti. "Ikisema yuko mwezini, yuko mwezini."

Na kila laini ina sauti yake. Kwa wakili anajifanya mkavu, kwa daktari anajifanya muuguzi, kwa mpima ardhi kama mtu anayetafuna kitu. Nikamwambia huu ni uigizaji. Akasema ndiyo, na mimi nimenunua jukwaa.

Sheria yake nyingine: nani, nini, kwa nini. Ujumbe usio na kwa nini haujakamilika, mrudie mpigaji mpaka aseme. Ananiambia mimi! Nikamtazama mpaka akaenda kuchemsha chai yake kwenye birika lake.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Kwa mchonga majeneza nimemaliza simu kwa kusema "karibu tena".

Mwanamke wa watu alikuwa amefiwa na mume. Akakata. Bi Sauti alichukua tu kadi, akachora mstari mweusi chini ya maneno USISEME KARIBU TENA, ambayo yalikuwapo tangu zamani. Afadhali angenitukana.

Kimya alicheka. Bila sauti, mabega tu.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui kama nitasoma mwandiko huu kesho.

Saa nne asubuhi. Nilikuwa napanga penseli. Bi Sauti kiti cha pili, hedfoni sikioni. Taa ya kumi na saba ikawaka. Akaijua bila kadi, akabonyeza, akatoa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia toka Jumatatu. Nene kidogo, yenye furaha, kama mtu aliyetoka kucheka.

"Karakana ya chuma, habari ya kazi!"

Penseli zikamwagika.

Naijua sauti hiyo! Nimeisikia mara tisa ndani ya wiki moja, miaka minne iliyopita, nikiwa nimesimama kwenye simu ya ukumbini hospitali, mama yuko wodini anapumua kwa mtungi wa oksijeni. Habari ya kazi! Habari ya kazi! Na mimi miaka yote hii nikidhani ni katibu wa mdogo wangu. Nikimwita yule kimada wake. Kumbe ni bibi mmoja juu ya duka la vioo, anakunywa chai!

Alipokwenda msalani nikachomoa kadi. Nainakili hapa neno kwa neno.

Nyeusi: "Karakana ya chuma, habari ya kazi. Mageti, madirisha, matangi. Fundi yuko kwenye mashine, hasikii simu. Acha ujumbe, atapiga mwenyewe."

Nyekundu: "DADA YAKE. MKALI. Fundi yuko safari, harudi karibuni. USIANDIKE."

Na chini yake namba ya simu ya nyumbani kwangu.

Usiandike.

Nimeirudisha kadi mahali pake. Sijamwambia mtu. Bi Sauti aliporudi akaniuliza mbona nimekauka. Nikasema ni vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda kazini. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Wacha niandike yote, yanitoke.

Mdogo wangu huyo ni mmoja tu, tumbo moja. Alitaka kuweka karakana uwanja wa nyuma wa mama. Nilikataa. Grainda inasaga chuma kutwa nzima karibu na dirisha la mtu mzima! Tukagombana mpaka majirani wakatoka. Akahamia mji mwingine, akabadilisha namba ya mkononi, akaacha lundo la vyuma vyake uwanjani vinaota kutu. Nikabaki na namba ya karakana tu. Nilimpigia mara kadhaa aje aondoe takataka zake. Hakuja.

Mwaka uliofuata mama akaanguka jikoni, siku ya Jumapili. Nikawaambia ndugu wote: mdogo wangu nitamwambia mimi mwenyewe, asimpigie mtu. Nikapiga mara tisa. Jumatatu mpaka Ijumaa. Hakuja, hakupiga. Na Alhamisi, mama yuko katika hali ile, jirani ananipigia hospitali kuniambia kuna lori limekuja kupakia vyuma. Lori! Mama anakata roho, yeye analeta lori la vyuma!

Jumamosi mama akaniuliza kama mtoto amefika. Nikasema yuko njiani. Akafa nikiwa nimemdanganya.

Alikuja baada ya wiki mbili. Akasimama mlangoni na kofia mkononi. Akasema hakuambiwa. Nikamwambia mara tisa! Nikafunga mlango. Miaka minne sasa sijausikia hata uvumi wake, wala sikutaka.

Na leo najua kwa nini. Aliniandikisha kwa wino mwekundu. Dada yake mwenyewe, kama mdai, kama mwendawazimu wa mtaani. Usiandike.

Baba watoto kauliza mbona natwanga mapazia. Nikamwambia akasikilize redio.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Bi Sauti laini ya kumi na saba naitaka mimi. Kafurahi! Kasema ni laini nyepesi, fundi mwenyewe ana adabu. Adabu. Kanifundisha ile sauti mara tatu. "Cheka kabla hujabonyeza," kasema. Nikacheka. Sikupata taabu.

Saa tano akapiga mwalimu mkuu wa shule fulani. Anataka mageti mawili na madirisha kumi na sita, kazi ya miezi, kasifiwa sana fundi huyu, je, anaweza kuja kupima wiki hii?

Nikamwambia karakana imefungwa.

Akasema lo, tangu lini? Nikasema tangu mwezi uliopita, mwalimu, pole sana. Akashukuru! Nikaweka kalamu chini. Moyo ulikuwa baridi kabisa, nilijishangaa.

Saa kumi na moja jioni akapiga yeye.

Miaka minne. Sauti imekwaruza kidogo, ni ule moshi wa kuchomelea. Pumzi ndefu kwanza kabla ya kusema, kama baba. "Shikamoo mama. Leo kuna nini?"

Shikamoo! Kwa mpokea simu!

Nikasema kwa ile sauti nene: "Marahaba. Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

"Haya. Asante, mama. Upumzike." Akauliza kama nina mafua, maana sauti leo nzito. Nikasema kidogo. Akasema nikoroge tangawizi.

Hakunijua. Kanifundisha tangawizi na hakunijua! Mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nimeumia kwa hilo kuliko nilivyotegemea, na sasa namchukia na kwa hilo pia.

Jumanne, 11 Machi

Simu tatu za kumi na saba. Tangi la maji. Kitanda cha chuma. Mtu wa reli za ngazi.

Amehama, amehama, amefungwa.

Saa kumi na moja: "Shikamoo mama, kuna nini?" Hakuna. "Mafua je?" Yapo.

Naye apige na aambiwe hakuna. Aone utamu wake.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ndiyo leo.

Kapiga saa kumi na moja kasoro, mapema. Hakuuliza kuna nini. Kasema: mama, niambie kweli, simu zinaingia huko? Kuna shule moja ilikuwa inipigie wiki hii, nilikuwa naitegemea hiyo. Nikasema haikupiga. Akavuta pumzi. Kasema basi, mwisho wa mwezi ataiacha laini hii. Watu wake wawili kashawaambia watafute kwingine, na yeye ataona. Kasema hana malalamiko na sisi, tumemhudumia vizuri miaka yote. Akanitakia jioni njema.

Nikakaa. Nilikuwa nimeusubiri ushindi huo, na ulipokuja sikujua niuweke wapi.

Nikageuka, Bi Sauti ana hedfoni ya pili sikioni. Kasikia yote.

"Shule ilipiga Jumatatu," kasema. "Kimya aliona taa, akakusikia ukisema mwalimu, dakika nne nzima. Ujumbe uko wapi?"

"Haupo."

"Umemficha mteja ujumbe?"

"Ndiyo! Nimemficha! Laini yangu, chumba changu, nimesaini!"

Kimya akavua hedfoni. Bi Sauti akasimama. Mwanamke mfupi yule, lakini akisimama chumba kinajaa. Kasema kwa koo lake lililokwisha kwamba katika miaka kumi na tisa hajawahi kumla mteja ujumbe, hata mmoja, hata wa mtu anayemchukia.

Nikacheka. Nikachomoa kadi nikamtupia mezani. "Hata mmoja? Na huu wino ni wa nani? Huyu dada mkali unamjua? Ni mimi! Ni mimi huyu!"

Akaitazama kadi. Akanitazama mimi. Akarudia kadi.

"Ni wewe?" kasema. "Yule?"

"Yule. Alikwambia unizuie, ukanizuia. Mama yetu akafa."

"Nani aliniambia? Fundi? Fundi hajaiona kadi hii maisha yake. Nimekuandika mimi."

Nikamwambia mwongo. Akasema subiri. Akaanza kuhesabu vidoleni. Mara ya kwanza uliacha ujumbe, nikaandika. Mara ya pili uliacha ujumbe, nikaandika. Nikakuuliza kuhusu nini, dada, ukasema yanakuhusu nini wewe. Mara ya tatu ukaniita kimada. Nikakusikiliza mpaka mwisho. Ukanitukania mama yangu. Tusi zima, na kiungo ukakitaja.

"Mama yangu alikuwa kitandani wakati huo," kasema, "hapo pembeni, nyuma ya pazia nililokuwa nimelitundika, kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Nikachukua kalamu nyekundu. Kanuni ya hapa: anayemtukana mpokeaji haandikiwi. Hata safari ya fundi nimeitunga mimi."

Nikamwambia alipaswa kuniuliza! Kasema aliniuliza. Nikasema mama alikuwa anakufa! Kasema hukusema. Nikasema nilisema! Kasema hukusema, hukusema hata mara moja, ungesema ningemfuata fundi kwa miguu!

Tulikuwa tunapiga kelele mpaka mwenye duka la vioo huko chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Ndipo Kimya aliposema. Siku kumi namjua, neno lake la kwanza bila hedfoni.

"Nakala zipo."

Ijumaa, 14 Machi

Zipo juu ya kabati, kwenye maboksi ya viatu, kila mwaka na boksi lake. Kila ujumbe unaandikwa kwa karatasi ya kaboni: wa juu husomwa, wa chini hubaki. Ukisomwa unatiwa alama ya vema na saa.

Kimya alipanda kiti akashusha. Bi Sauti hakuja karibu. Alikaa dirishani na kikombe, kanipa kisogo.

Naandika kama nilivyoona.

Mwezi wa pili mwaka ule: "Dada. Aje aondoe vyuma uwanjani." Vema.

Mwezi wa tano: "Dada. Aje aondoe vyuma. Mara ya mwisho." Vema.

Mwezi wa nane, Jumatatu: "Dada. Aje nyumbani upesi. Anajua kwa nini." Vema, saa kumi na moja na robo.

Jumanne: "Dada. Bado hajaja! Aje. Anajua kwa nini." Vema. Na pembeni, mwandiko wa Bi Sauti: "Fundi amesema sawa, anatuma lori."

Baada ya hapo hakuna kitu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, nyeupe.

Nimeisoma mara ngapi sijui. Anatuma lori. Nilimwambia aje, anajua kwa nini. Naye alichokuwa anakijua ni vyuma tu! Ndilo neno pekee nililokuwa nimempa mwaka mzima. Akakopa lori akatuma, akidhani ananitii.

Na mimi nilisimama pale ukumbini, watu wananisukuma na machela, na sikusema. Sikutaka kumwambia yule mwanamke kwamba mama anakufa. Nilitaka yeye aje ajionee, ashtuke, aone alichokifanya. Nilitaka anikute nimesimama kando ya kitanda cha mama peke yangu. Ndiyo, naliandika, maana hakuna mwingine wa kuliandika. Nilitaka aone haya.

Bi Sauti kasema bila kugeuka kwamba baada ya hapo ndipo alipoweka sheria ya kwa nini. Kabla ya mimi haikuwapo.

Nilikuwa nataka kumrushia boksi. Bado nataka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempigia mwalimu mkuu, maana swichibodi huhifadhi namba za waliopiga. Nikasema ni kutoka karakana ya chuma, kulikuwa na makosa, fundi yupo, hajafunga. Kasema pole, jana kawapa kazi watu wengine, wameshapima. Kauliza kwa upole ni nani aliyemwambia karakana imefungwa. Nikasema mpokeaji mpya. Kasema huyo mpokeaji mfukuzeni.

Wa tangi nimempata, atasubiri. Wa kitanda kanunua cha mbao. Wa reli hapokei.

Jioni nikamweleza baba watoto. Yote. Alizima redio, jambo ambalo hajalifanya tangu tuhamie hapa. Kaniuliza kama nakumbuka alichosema shemeji yake siku ile mlangoni. Nikasema hakuambiwa, ndicho alichosema. Kasema hapana, hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza aliuliza, "Dada, mama aliugua nini?"

Nilisikia. Nilidhani ananidhihaki.

Kwa nini hukusema siku ile, nikamuuliza. Kasema: na wewe ulikuwa unasemeka?

Jumapili, 16 Machi

Nimeandika ujumbe. Nimechana. Nimeandika mwingine, ukajaa kurasa mbili na nusu yake ni kumlaumu yeye kwa kubadilisha namba. Nimechana na huo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeingia saa mbili. Mezani pangu kuna kadi mpya ya kumi na saba, mwandiko wa Bi Sauti. Nyeusi ileile. Chini yake, kwa bluu: "Dada yake. Apitishwe." Nyekundu hakuna.

Nikamwambia asante. Kasema nisimshukuru, wino kaufuta, tusi hajalifuta, na birika bado lake. Nikamwambia na mimi sijafuta safari yake ya kutunga. Kasema sawa. Tukaanza kazi.

Saa nane akaja akaweka mbele yangu karatasi ya ujumbe na kaboni yake. Akagonga kwa kidole mistari mitatu. Nani. Nini. Kwa nini. Akaenda zake.

Nimeandika saa mbili nzima kati ya simu za watu. Wakili yuko mahakamani. Daktari ana mgonjwa. Nimekata, nimepunguza, mpaka umebaki huu:

"Dada. Nilikuita mara tisa sikusema mama anakufa, kwa hasira. Kosa ni langu. Na wiki iliyopita nimekufukuzia shule, ni mimi."

Kimya akausoma begani kwangu. Akachukua penseli, akaongeza neno moja mwishoni: "Njoo." Sikumfukuza.

Saa kumi na moja na dakika tatu. Taa ya kumi na saba.

Sikucheka kabla ya kubonyeza. Nikasahau sauti, ikatoka yoyote.

"Shikamoo mama. Kuna nini leo?"

"Mmoja wa tangi la maji, atasubiri mpaka Ijumaa." Nikampa namba. Akaandika, nasikia penseli yake inakwaruza ubao. "Na mwingine mmoja."

"Wa nani?"

"Wa dada yako."

Grainda ilikuwa inalia nyuma yake. Akapiga kelele wazime. Ikazimwa. Sijawahi kusikia karakana imenyamaza hivyo.

"Soma," akasema.

Nikafungua kinywa. Mimi! Mimi niliyemtukana mama wa watu bila kupepesa, ninayemjibu kila mtu kabla hajamaliza! Halikutoka hata neno. Nikasema subiri kidogo, nikabonyeza kitufe cha kusubirisha, nikachukua daftari hili kwenye mkoba ili mikono ifanye kitu.

Sasa taa haiwaki moja kwa moja, inapepesa. Bi Sauti kavua hedfoni zake zote mbili kaziweka mezani nizione. Hasikilizi. Kimya kafunga macho.

Karatasi iko mbele yangu. Mistari mitatu, maneno nimeyaandika mwenyewe, mwandiko unasomeka.

Dakika ya nne hii. Mteja akisubirishwa dakika mbili hukata, ndivyo alivyonifundisha Bi Sauti.

Taa inapepesa. Hajakata.